Mzinga ni wa Aliyeutundika

Ugalla, Mpanda
3 Oktoba 1976

Kwa dada yangu Theopista,

Shikamoo dada. Nakutumia salamu za huku porini, za asubuhi na za jioni, uchague mwenyewe ya kuipokea kwanza. Goti lako je? Na kile kifua kinachokubana wakati wa vumbi? Watoto wa marehemu shemeji wanakuletea kuni, au wanakuacha uhangaike mwenyewe na uzee wako? Sisi huku tunakula ugali na tunalala. Pelagia ni mzima wa mwili ingawa haongei na mimi, sababu yake utaikuta mbele. Mvua bado. Nyuki wapo.

Kwanza tazama mwandiko huu. Usidhani ni wa mwanangu Hilari. Ni mkono wangu mimi Anselmo. Kisomo cha watu wazima kimefika mpaka huku, nami nimeingia darasani na mvi zangu nikawapita vijana wa juzi. Mwenyekiti wa kijiji alisema mbele ya watu kwamba Mzee Anselmo anaandika herufi zinazosimama kuliko za karani wake. Karani alinuna wiki nzima. Zamani barua zangu aliandika Hilari, mimi nikitamka, na majibu yako alinisomea yeye. Hii haiwezi kupita mkononi mwake. Nimeiandika kidogo kidogo. Mkono ukichoka nakwenda kuchonga mzinga, halafu narudi. Ukikuta maneno yamepinda, ujue ni kalamu, si kichwa.

Nina ombi kwako. Nitalisema mwisho, maana ombi likitangulia mtu hulikataa kabla hajajua uzito wake.

Ulisikia kwamba tulihamishwa. Mwaka juzi yalikuja malori kutukusanya, kila mtu kutoka kwenye pori lake, tukae pamoja tupate shule na zahanati. Mimi nilikataa. Walitoa nyasi za paa mimi nikiwa nimekaa ndani kwenye kigoda, jua likanipiga utosini, na bado nimekaa. Nilipanda lori mtu wa mwisho, na nilipanda kwa miguu yangu, sikunyanyuliwa, uliza yeyote. Sasa tumepangwa mistari kama mahindi. Na kwenye mstari wetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, wakamshusha Ponsian na mkewe Romana na binti yao.

Ndiyo dada, Ponsian yule yule. Najua umemwambia anayekusomea aweke barua chini. Mwambie aiokote.

Mambo yale unayajua kuliko mimi, lakini nayaandika ili tuwe tunasema jambo moja, wewe na mimi, maana hapo ndipo penye ombi langu. Unakumbuka nilivyokaa na Pelagia miaka na nyumba haina mtoto. Vijana wenzangu waliniita mgumba, na wengine waliimba kabisa kwenye pombe. Nikataka kumrudisha Pelagia kwao. Wewe ukasema tusubiri kwanza. Ndipo Mjomba Ambrosi, Mungu amrehemu, akaniambia usoni kwamba shamba halina kosa, mbegu ndiyo haioti. Nilitaka kumpiga. Ulinishika mkono.

Akatoa ile njia ya wazee. Atafutwe mwanaume wa ukoo mwingine, wa ng'ambo ya mto, mwenye afya, mwenye mtoto tayari nyumbani kwake. Aje kama mtu anayetafuta miti ya kutundika mizinga, akae mpaka mwanamke apate, aondoke, asirudi. Wewe ndiye uliyemfuata Ponsian kwao. Wewe ndiye uliyepika pombe ya asali. Pelagia alilia, halafu akakubali. Hicho kilio sijawahi kumsimulia mtu. Mjomba akasema nyuki hatuulizi wametoka mti gani, mzinga ni wa aliyeutundika na asali ni yake. Ponsian akanyweshwa kiapo: akisema, nyuki wake wamhame na mkono wake usishike kamba. Mimi sikunyweshwa kitu. Nani angedhani mwenye mzinga atajitangaza?

Sheria kubwa ya Mjomba ilikuwa umbali. Mto uwe katikati, watoto wa huku wasijue wa kule. Ilikuwa sheria nzuri mpaka lori lilipokuja.

Hilari alipozaliwa, dada, uliniona. Nilimbeba mpaka kwa wale walioimba. Nikawaambia mtazameni mtoto wa mgumba. Tangu siku ile hakuna mtu Ugalla amenizidi sauti. Mwanaume ana mizinga mingi, ana mtoto wa kiume, ana mke anayejua kunyamaza. Nilisahau. Nakuambia kweli, nilisahau kabisa kwamba kuna siku mtoto huyu hakuwa wangu.

Siku ya kwanza kukutana na Ponsian kisimani, akaniamkia shikamoo kama mgeni, na sisi ni rika moja. Nikaitikia marahaba. Tukachota maji, kila mtu akaenda kwake. Kiapo alikishika, sina la kumsema hapo. Na Romana mkewe alikuwa hajui lolote. Kwake yeye mumewe alikwenda tu kutundika mizinga.

Sasa sikia. Mwalimu wetu wa kisomo ni Hilari, kijiji kilimchagua kwa kuwa alimaliza shule. Upande wa wanawake akapewa Generosa, yule binti wa Ponsian. Binti mzuri, mkweli, hana makeke. Herufi yangu ya kwanza nilishikwa mkono na yeye. Wakawa wanapanga masomo pamoja, wanacheka pamoja, kufika mavuno watu wote wanajua isipokuwa mimi. Na kila mtu akaona wanavyofanana. Paji la uso lile lile, na ule mwendo wa kutanguliza bega moja. Unajua huku kwetu wanavyosema, kwamba mchumba ukifanana naye ndiye uliyeandikiwa. Wanawake kisimani walishangilia. Walisema hawa hawatagombana, Mungu amewakata kwenye gogo moja. Mimi niliyasikia hayo nikiwa na Pelagia, naye akaitua ndoo kichwani, akamwaga maji yote, akarudi nyumbani.

Nikakataa. Hilari akaniuliza sababu. Nikasema binti ana meno makubwa. Akacheka, akasema baba, mbona na mimi ninayo? Nikasema ukoo wao hawajui kutundika mzinga, wanaufunga kama mzigo wa kuni. Akasema baba, mimi naoa mke, sioi mzinga. Nikakataa kutuma mshenga. Akatuma wa kwake. Wewe unamjua huyo mtoto, akishika jambo haliachi, na watu husema amerithi kwangu.

Katekista wetu Gaspar akasoma tangazo la kwanza kanisani, kwamba Hilari wa Anselmo anataka kumwoa Generosa wa Ponsian, anayejua kizuizi aseme. Nikakaa kimya. Kesho yake nikamfuata Ponsian porini kwenye mizinga yake. Nikamwambia wewe baba wa binti, kataa, mwanamke akikatazwa na baba yake mambo yamekwisha. Akasema Mzee Anselmo, mimi ndiye niliyenyweshwa, wewe hukunyweshwa. Nikamwambia hata sababu ya uongo itatosha. Akasema amekwisha kataa mara mbili nyumbani, mkewe na binti wakamwuliza kijana ana kosa gani, akakosa la kusema. Halafu akasema neno lililonikera. Alisema, mtoto ni wako, ulichukua na jina na sifa, basi chukua na hili. Nikamtukana, dada. Nilimwambia mizinga yake inavuja. Nikaondoka.

Tangazo la pili likasomwa. Pelagia akaniwekea ugali, akasimama mlangoni, akasema miaka yote hii nimenyamaza kwa ajili ya jina lako, lakini sitapika pilau ya kuwaozesha ndugu. Jumapili ijayo useme wewe au nitasema mimi. Nikamwambia katika nyumba hii nasema mimi, na nitasema siku ninayotaka mimi. Akasema basi itake Jumapili.

Ikafika. Kanisa lilijaa, na Hilari alikuwa amevaa lile shati jeupe ulilomletea. Gaspar aliposoma mara ya tatu nikasimama. Neno la kweli lilikuwa mdomoni, dada, nalisikia mpaka leo, limekaa kwenye ulimi kama punje ya mtama. Lakini nikatazama upande wa wanaume. Walikuwa wamekaa wale wale walioniimba, sasa wana mvi, wamenigeukia. Nikasema ndoa haiwezekani, hawa watoto ni ndugu, baba yao ni mmoja. Gaspar akauliza, baba yao ni nani?

Nikasema ni mimi.

Nikasema Generosa ni damu yangu. Nikasema mwaka ule nilikwenda ng'ambo ya mto kutundika mizinga nikalala kwa Romana, mumewe akiwa safarini. Nikataja na mti. Uongo ukianza, dada, huleta viti vyake wenyewe na kukaa. Na Romana sijawahi kumshika hata mkono. Nilikuwa nimemsalimu kisimani tu, habari za asubuhi, nzuri, basi.

Alisimama. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. Halafu akamgeukia mumewe, akasema Baba Generosa, waambie. Ponsian akatazama chini. Akasema tena, baba, waambie sijawahi. Na yule mtu alijua. Katika dunia nzima ndiye aliyejua kuliko wote kwamba Anselmo hawezi kuzaa na mwanamke yeyote. Lakini ili amtetee mkewe angelazimika kusema anajuaje. Akanyamaza. Romana akatoka, kanga yake ikaanguka mlangoni, hakuna aliyeiokota.

Nje wanaume walinigonga mgongo. Mmoja akasema Mzee Anselmo, kumbe wewe ni dume la ng'ambo zote mbili. Na mimi nikacheka nao. Nilijisikia vizuri, dada, sikufichi, mpaka nilipofika nyumbani. Pelagia alikuwa amesema kweli pale pale kwenye uwanja wa kanisa, kwa sauti, kwamba Hilari ni wa Ponsian na mimi ni mwongo. Wanawake wakamshika mabega, wakasema maskini, wivu, anataka naye kumwaibisha mumewe. Tangu hapo hajanisemesha. Analala jikoni.

Basi ndoa ilivunjika, na nilijisemea kwamba si hilo tulilotaka? Watoto hawakuoana. Lakini baada ya siku chache Generosa akaja kwangu, macho yamevimba, akapiga magoti akaniita baba. Alisema umri wangu wote nimetembea na jina la mtu mwingine, sasa nipe la kwangu. Akataka nimtajie babu zetu, mmoja baada ya mwingine, na walikotoka, na walikozikwa. Nikamtajia. Ungefanya nini? Nikamtajia babu, na baba yake babu, mpaka yule aliyetoka Unyamwezi na shoka moja. Alikaa mbele ya nyumba yangu akiwarudia kama mtu anayesali rozari, asikosee. Pelagia alikuwa anasikia kutoka jikoni. Kila jina nililompa lilikuwa la watu wasiomjua. Na mama yake alihamia banda la jikoni kwa Gaspar, maana mke wa Gaspar ndiye peke yake anayemsalimu. Binti anapita pale na ndoo, hageuki.

Wiki ile ile Ponsian akaingia porini na kamba yake. Hakurudi. Tulimkuta chini ya mti, mzinga wake juu, kamba imekatika, au imefunguliwa, mimi sikuigusa. Watu walisema ni ajali. Mtu aliyepanda miti tangu utoto, dada. Mzinga ulikuwa mtupu, nyuki wamehama. Wazee wakasema kumbe alikuwa na kiapo akakivunja. Hakukivunja. Mimi peke yangu pale nilijua kwamba hakukivunja, na nyuki wakamhama vivyo hivyo.

Tukamzika. Sasa hapa ndipo mkono wangu unapokataa, lakini nitaandika. Gaspar aliita watoto wa marehemu watangulie kutupa udongo. Hakutoka mtu. Yule mtoto wao wa kwanza alifariki zamani kwa surua, unajua. Generosa alikuwa amesimama upande wetu, kando ya Hilari, kichwa chini. Watoto wake wawili wa damu walikuwa pale, dada, wamesimama nyuma yangu, wakangoja zamu ya majirani. Romana alitaka kusogea, ndugu wa mume wakamzuia. Kaburi likajazwa na watu wa mstari wetu.

Nilirudi nikamwita Hilari. Nikamwambia yote, nilivyokuandikia wewe, bila kupunguza. Nikasema mimi ni mgumba. Neno hilo sikuwahi kulitoa mdomoni mwangu, nililitoa. Unajua alinijibu nini? Alisema baba, umeona mzee wa watu amekufa na mama wa watu ametupwa, sasa unatafuta mlango wa kutokea. Akasema leo wewe ni baba yetu sote, kesho si baba wa yeyote, mama naye ana lake, kila mtu ananigawia baba kama mtu anagawa nyama. Nikamwapia. Akasema unaapa kwa nini, baba, umewahi kusema jambo bila kuapa?

Nikaenda kwa Mwenyekiti, nikaenda kwa wale wazee wenzangu. Walicheka. Walisema Anselmo ana huruma, anajitupia tope ili kumwosha yule mama. Mmoja akasema mgumba gani ana Hilari? Miaka yote nimewaambia mimi ni dume. Wameshika.

Na Hilari alipokuwa anatoka aliniuliza swali, nakuandikia na wewe ulibebe. Alisema tuseme ni kweli. Mlipokaa kile kikao, Mjomba alikaa upande wa ukoo, shangazi upande wako, Ponsian akapewa kiapo na mama akapewa kunyamaza. Upande wangu alikaa nani? Akasema mlihesabu mto lakini hamkuhesabu kwamba mimi nitakuwa na miguu. Jibu nimelitafuta tangu siku hiyo nikichonga mizinga, bado sijalipata, na unajua mimi sikosi jibu.

Sasa ombi langu. Nitasema kweli yote. Siku ya kwanza nilipochukua kalamu, kabla Ponsian hajafa, nilitaka kukuomba kwamba wakija kukuuliza, useme nilikuwa naenda kwa Romana. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Lakini kuandika si kama kusema. Ukisema, sauti yako inakubeba. Ukiandika unarudi kusoma, na neno liko pale pale linakutazama.

Njoo, dada. Mwisho wa mwezi huu ndugu wa Ponsian wanakuja kutoka ng'ambo kuondoa matanga. Watagawana mizinga yake na kutamka kwamba marehemu hakuacha mtoto. Wakishatamka, imekwisha. Romana hatakuwa na pa kurudi, na wale wawili watakaa na babu zangu ambao si wao, na siku wakizaa, watoto watatajiwa majina yale yale, na hawatajua ni wapi wasioe. Waliobaki kati ya waliokaa kile kikao ni wewe, mimi na Pelagia, na sisi wawili hatusadikiwi. Wewe hujawahi kujisifu. Watu huku bado wanasema, neno la Theopista ni kama jiwe la jikoni, halisogei.

Panda treni ya Tabora, ukifika Mpanda mtoto wa Gaspar atakupokea na baiskeli. Najua goti. Ningekuja kukubeba. Usimame mbele ya watu useme ulivyomfuata Ponsian na kwa nini. Useme mdogo wako hakuweza. Sema kwa sauti, mimi nitakuwa nimekaa mbele, sitatazama chini. Halafu umshike Romana mkono mtoke naye mbele ya binti yake. Na Hilari na Generosa wapande mti wa baba yao, wamsafishie mzinga.

Ukisikia aibu, kumbuka mimi yangu ni kubwa zaidi. Hata hapo nimekushinda.

Njoo, dada. Mimi wamenizoea.

Wasalimie watoto wa shemeji, na yule jirani yako anayekusomea barua. Mwambie hii aisome polepole, na akimaliza asiitie moto, akupe uje nayo. Pelagia angekusalimu. Nimemwambia nakuandikia, hakujibu, lakini asubuhi ya leo nimekuta ameitia taa yangu mafuta.

Ni mimi mdogo wako,
Anselmo,
nimeandika mwenyewe mpaka mwisho.